Kwani Mfalme Hana Dada?

Ufalme niliupata siku ya arobaini ya mjomba, nikiwa nimevaa kaptura ya shule iliyopasuka nyuma, nimeketi upande-upande ili wazee wasione. Ufalme wenyewe ni shamba la minazi hapa Timbwani, nyumba ya udongo yenye baraza pana, na kisima cha maji ya chumvichumvi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akangoja majeshi. Majeshi hayamo. Wamo wanawake wawili, mamangu na dada, na mimi katikati yao nimetuliwa kitini kama gunia la mbata.

Dada huyo hatukutoka tumbo moja; niliyetoka naye tumbo moja ni dadangu mdogo, wakati huo bado kitoto. Ni binti wa mjomba wangu, mtoto wake wa pekee, mwanamke mzima aliyeolewa na kuachwa kabla mimi sijang'oa meno ya utoto. Alirudi kwa babake na sanduku moja na mkono mwepesi wa kupiga makofi. Mengi ya makofi hayo yaliishia kisogoni kwangu, na mengi yalikuwa haki yangu. Siku nilipomtia jongoo katika kapu lake la ukindu alinifukuza mpaka kwenye kivuko cha feri, mbele ya askari wa vita waliokuwa wakingoja kuvuka, nao wakampigia makofi ya kumtia moyo yeye, si mimi.

Habari za malkia zililetwa na mwalimu wetu wa tarehe, yaani mambo ya kale, Mkristo wa Rabai, mtu mwembamba aliyefunga tai hata katika jua la Machi. Alikuwa na kitabu kinene cha Kizungu. Alisoma mstari kimoyomoyo, kisha akatutolea kwa Kiswahili huku akitembea baina ya madawati na fimbo kwapani. Muhula mzima alitusomea wanawake waliotawala. Alikuwako mmoja wa Misri ya kale aliyejifunga ndevu za bandia ili watu wamtii kama mfalme. Alikuwako Malkia wa Saba, na huyo tulimjua tangu chuoni tukisoma Kurani, basi tukajitia kupiga miayo. Alikuwako binti wa mfalme aliyetiwa gerezani na dadake mwenyewe, kisha dada akafa, yeye akatoka akatawala mpaka uzeeni, na meno yakamwoza kwa kula sukari. Hilo la sukari lilituuma sana, maana wakati huo sukari tulikuwa tukipimiwa dukani kwa sababu ya vita, na hatukuona haki mtu mmoja aile yote peke yake. Walikuwako pia mama za wafalme wadogo: mtoto amekaa kitini, miguu haifiki chini, naye mama yuko nyuma ya pazia akimnong'oneza la kusema. Mwalimu akasema hata huku kwetu pwani, Mvita na Pate, walipata kutawala wanawake, na kwamba sisi wavulana wa Likoni tungefaidika kulikumbuka hilo kabla ya kuwarushia mawe wasichana njiani.

Siku moja akaielekeza fimbo kwenye picha ya mfalme wa Uingereza iliyotundikwa juu ya ubao.

"Huyu ana watoto wawili," akasema, "na wote ni wa kike. Hana mwana wa kiume. Akifa, nani atamrithi?"

Darasa zima, bila ya kuambizana, likajibu kwa sauti moja: "Mpwa wake!"

Mwalimu akaishusha fimbo. "Nani?"

"Mpwa wake, Mwalimu. Mtoto wa dadake."

Hatukuwa na mzaha. Kwa mara ya kwanza tangu kuingia shule ile, mimi nilikuwa nimejibu swali kwa moyo safi. Sisi Wadigo mtu hurithiwa na mpwa wake. Ardhi ni ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, na mtoto wa kumzaa mwenyewe si wa fuko lako. Huyo ana wajomba zake, akatafute huko. Ukitoka darasani ukamwuliza mpita njia yeyote wa Timbwani angekwambia hivyohivyo, tena angekushangaa kuuliza.

Nikanyosha mkono. "Mwalimu, kwani mfalme hana dada?"

"Anaye."

"Naye huyo dada hana mtoto wa kiume?"

"Anao."

"Basi neno limekwisha, Mwalimu. Wanahangaika nini?"

Mwalimu alicheka hata akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa, akacheka tena. Kisha akatwambia kwamba atakayekalia kiti ni binti mkubwa wa mfalme, na hapo sasa tukacheka sisi. Binti? Na mtoto wa shangazi yake yu hai, mzima, ana mikono na miguu? Tulitoka pale kila mtu akiamini kwamba Mwalimu amesoma ukurasa vibaya.

Jioni niliipeleka habari ile kwa dada mbio, kama mtu aliyebeba samaki asiyetaka aoze. Nilimkuta uani akifua nazi, kifuo kimesimama katikati ya miguu yake na makumbi yamemzunguka. Mjomba alikuwa amelazwa barazani. Upande wake mmoja ulikuwa umekufa kwa kiharusi, na ni dada aliyekuwa akimwosha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko na kumpangusa. Shamba nalo alilishika yeye: kupatana na wakwezi, kufua, kuanika, kupeleka sokoni. Minazi ile michanga ya upande wa kisima aliipanda kwa mikono yake mwaka ule aliorudi, na mimi, kijitoto kisichojua kufunga vifungo, ndiye niliyemfuata nyuma na kikopo cha maji. Mingi ya maji yale niliyamwaga njiani, lakini minazi ikaota hivyohivyo.

"Huyo binti wa mfalme," dada akaniuliza, "ajua kufua nazi?"

"Sidhani."

"Amwosha babake?"

"Wana watumishi."

"Basi ufalme apewa kwa kazi gani?"

"Kwa kuzaliwa tu."

Akaipigilia nazi kwenye kifuo, akaisokota, kumbi likatoka zima. "Na yule wa ndevu wa Misri?"

"Huyo alizifunga kwa ugwe."

Dada akaokota kumbi refu, akalishika kidevuni, akamgeukia babake barazani na kuunguruma kwa sauti ya kiume: "Mzee! Shamba nimelichukua!"

Mjomba alicheka kwa ule nusu mdomo uliokuwa ukifanya kazi. Mimi niligaragara mchangani. Tulicheka sote watatu, na sasa nikikumbuka kicheko kile naona kama tulikuwa tukimcheka mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima.

Maana mjomba alikuwa na ulimi wa kutosha kuomba tambuu. Alikuwa na ulimi wa kutosha kunikaripia mimi nisikanyage mboga. Angetaka kuwaita wazee na kusema, "Mabibi na mabwana, huyu binti yangu msimguse," angesema, hata kwa nusu mdomo. Hakusema. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wazee wa fuko, na siku za uzima wake aliwatoa mabinti wa watu katika mashamba ya baba zao kwa maneno matamu na dua mwishoni. Mtu aliyezoea kuikata kanzu ya wengine kwa kipimo hicho hawezi kuanza kulia kipimo kikifika kwake. Alikufa asubuhi moja dada akiwa amekwenda kumchotea maji ya kuoga.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wali ukiwa umeliwa na mikono imenawiwa, wazee wa fuko wakaketi barazani. Mamangu, ambaye ndiye dada pekee wa marehemu, alikaa ndani pamoja na wanawake, nyuma ya pazia la mlango. Dada alikaa chini ubavuni mwa mlango, si ndani, si nje. Mimi nikaitwa nikakalishwa kwenye kiti cha mjomba, kile cha ngozi ya ng'ombe ambacho nikikigusa zamani nilikuwa nikipigwa.

Mzee aliyeongoza mkutano alikuwa na kikohozi kisichomwacha amalize sentensi. "Kuanzia leo," akasema, akakohoa, "huyu kijana ndiye aliye mahali pa marehemu. Aliyekuwa akimwita marehemu mjomba, atamwita huyu mjomba. Aliyekuwa akimwita baba, atamwita huyu baba." Akakohoa tena, akamtazama dada. "Haya, mwanangu. Mwamkie babako."

Nilitaka kucheka. Kiumbe gani asingetaka kucheka? Dada alinizidi umri kwa miaka ya kutosha kunizaa, na mkono wake niliujua kuliko ninavyoijua Alif. Nikamtazama nikingoja anikonyeze, tulimalize hili kama tulivyomaliza la ndevu. Hakunikonyeza.

"Shikamoo, baba," akasema.

Wazee wakaningoja. Mama akajikohoza nyuma ya pazia.

"Marahaba," nikajibu. Sauti yangu siku zile ilikuwa haijaamua iwe ya mtoto au ya mtu mzima, nayo ikavunjika katikati ya neno. Mzee mmoja akacheka puani. Dada alikuwa akiitazama mikono yake.

Basi nikasema, "Wazee wangu, aliyepewa kiti akisema neno, litasikiwa?"

"Sema, mwanetu."

"Shamba nampa dada."

Kikohozi kilikatika chenyewe.

"Kwanza, huyo si dadako tena," akasema mzee mwingine mwenye fimbo ya mpingo. "Ni mwanao."

"Basi nampa mwanangu. Hata mfalme wa Uingereza ampa bintiye, naye yuna mpwa."

"Hao Wazungu hawana wajomba?"

"Wanao, babu, lakini hawahesabiwi."

"Ndiyo maana hawaishi kupigana!" akasema mzee wa fimbo, na baraza zima likaangua kicheko. Mwingine akauliza kama mfalme huyo amezaliwa Timbwani au Mtongwe. Mwingine akasema shule inawaharibu watoto. Zamani walikuwa wakirudi na chawa tu, sasa warudi na mabinti wa wafalme.

Mwalimu wa chuo, aliyekuwa amekuja kusoma hitima, akainua kidole. Akasema kwa upole kwamba kwa sheria ya dini binti wa pekee ana nusu ya mali ya babake, na kwamba hilo si jambo la shule wala la Wazungu.

"Hatukatai, sheikh," mzee wa kikohozi akajibu. "Nusu ya mali ya babake apewe leo hii. Mali ya babake ni kanzu mbili, saa isiyokwenda na mbuzi. Shamba halikuwa mali yake. Shamba ni la fuko, yeye alilishika tu. Hata ukivuka feri ukaenda kwa kadhi, kadhi hawezi kugawa kisichokuwa cha maiti."

Mwalimu wa chuo akashusha kidole. Hivyo ndivyo dada alivyorithi nusu ya mbuzi.

"Na huyu kijana," sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, kama mtu anayetaja bei anayojua haitashuka, "bado ni mtoto. Hana awezacho kutoa. Mpaka atimie akili, mimi nitamshikia."

"Haki kabisa, bibi," wakasema wazee.

Ndipo nikawakumbuka wale mama wa kitabuni. Miguu yangu mimi ilikuwa ikifika chini vizuri, wallahi, hata vidole vilikuwa vikigusa mchanga, na haikunisaidia kitu.

Lakini mtu aliyezoea kubishana na walimu hanyamazi upesi. Nikauliza, "Ardhi ni ya fuko. Je, mti ni wa nani?"

Kwa hilo hawakucheka, kwa sababu kila mtu wa pwani ajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule.

"Mti ni wa aliyepanda," akasema mzee wa fimbo kwa uzito.

"Basi minazi ya kisimani aliipanda dada."

"Nani alimwona?"

"Mimi. Ndimi niliyebeba maji."

"Astaghfirullah!" akasema. "Mwenye shamba atoa ushahidi juu ya shamba lake mwenyewe!"

Walinong'onezana, wakakohoa, wakatafuna tambuu. Hawakuweza kulikwepa, maana sheria ile ni kongwe kuliko wao. Hukumu ikatoka: minazi ya kisimani ni ya dada, ardhi iliyo chini yake ni ya fuko, na nyumba ni ya fuko. Yaani walimpa dada ufalme wa hewani, kutoka shinani kwenda juu, na wakamwachia ndege wampe pongezi.

Watu walipotawanyika, mama alinikuta nikisugua sufuria za hitima. Sikupigwa. Ningependelea kupigwa. Aliketi kwenye kinu kilicholazwa, akaanza kuzungumza huku akizitazama sufuria.

"Babangu mimi alipokufa," akasema, "mpwa wake alikuja kabla hatujamaliza matanga. Mimi na mamangu tulitoka na mkeka mmoja na jivu la jiko letu bado la moto. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nikaja kukaa hapa kwa kakangu, kwa hisani. Nimeomba maji ya kisima hiki miaka yote, nikasema 'ahsante' kwa kila ndoo. Hakuna aliyenisomea mimi habari za binti wa mfalme. Wewe leo wataka nisimame tena mlangoni?"

"Lakini mama, dada naye ni vilevile..."

"Najua ni vilevile! Wafikiri sijui?" Akainuka, akajipangusa kanga. "Basi naye angezaa mwana. Au angekuwa na kaka. Mimi ndivyo nilivyongoja."

Niliwafikiria malkia wote wa Mwalimu, nikasugua sufuria mpaka ikakaribia kutoboka. Kitabuni wanatiana gerezani na kukatana vichwa, na ukisoma waona ni watu wabaya tu, wana tamaa. Kitabu hakisemi kwamba yule anayemfungia mlango mwenziwe aliwahi kusimama nje ya mlango uo huo.

Dada alihama na sanduku lake lile lile. Akapanga chumba karibu na feri kwa mama mmoja auzaye mahamri, akawa akishona makuti ya kuezekea na kuyauza. Kila asubuhi alikuja kuitia maji minazi yake. Na kwa kuwa mti ni wake lakini mchanga si wake, mama akaweka masharti: apige hodi kwenye ua, amwombe ruhusa mwenye shamba, asikanyage barazani, na maji aje nayo, asichote kisimani.

Nami nikawa nikinawa uso, nasikia, "Hodi, baba."

"Pita," nasema, na mate ya mswaki kinywani.

Mzaha ule ulikuwa na chumvi siku ya kwanza na ya pili tu. Siku moja nilichelewa, nikatoka mbio kwenda shule kabla hajafika. Tulipotolewa, saa ya jua kali, nikamkuta bado amesimama nje ya ua, ndoo iko kichwani, kanga imemlowa jasho mgongoni. Mama alikuwa barazani akichambua mchele.

"Mama! Hukumsikia?"

"Nilimsikia. Alimwita baba. Mimi si baba."

Dada akaitua ndoo pale pale njiani. Akayamwaga maji yote mchangani, taratibu, mpaka tone la mwisho, akageuka akaenda zake. Sikumwona kwa muda.

Kisha akaja mgema.

Minazi ya kisimani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoa makarara ya maua, na mama alikuwa akimhesabia dada nazi kwa jicho. Dada hakutaka nazi. Aliikodisha minazi yake yote kwa mgema mmoja wa Kigiriama, Mkristo wa Jumapili tu, mtu mfupi mwenye mapaja kama nguzo na kibali chake mfukoni. Mnazi ukigemwa hauzai nazi, hutoa tembo. Na tembo halingoji: mgema lazima apande alfajiri na jioni, la sivyo lachacha na mti waharibika. Kwa hiyo toka zamani hakuna amzuiaye mgema kuufikia mti wake, wala yeye hapigi hodi kwa mtu.

Analofanya ni kupaaza sauti. Juu ya mnazi mtu huona nyua za watu wote, na wanawake huogea uani. Basi ni ada mgema apige ukelele kabla hajapanda, ili wajistiri. Mgema wetu alikuwa na koo la muadhini.

"Juuu hukooo! Wenye kuoga, ogeni upesiii!"

Na mamangu, mtawala wa Timbwani, mshika shamba la fuko, alitoka mbio uani na povu la sabuni masikioni, kanga mkononi, akijigonga mlangoni. Alfajiri hivyo, na jioni hivyo. Alijaribu kuoga adhuhuri, mgema akaanza kupanda adhuhuri kukagua vibuyu. Mimi nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kuuma shati ili nisisikike. Sikujua kama nacheka. Kilichotoka kilikuwa na sauti ya kicheko.

Haikwisha hapo. Wanywaji wakaanza kuja. Walikaa kwenye njia, nje kidogo ya mpaka, ambapo mama hakuwa na amri, wakapokea tembo likishuka na joto la jua. Walikuja makuli wa Kilindini, walikuja watu wa bara wenye viatu, na siku moja, nikitoka shule, nikamwona mzee wa kikohozi amechutama nyuma ya kichaka, kofia ameitia mfukoni, kata iko mdomoni.

"Shikamoo, babu."

Akapaliwa. "Marahaba, mwanangu. Dawa ya kifua hii."

"Naona yakusaidia. Leo umemaliza sentensi."

Mama aliwaendea wazee kulalamika. Walimsikiliza kwa heshima, wakakuna ndevu, wakamjibu kwamba mti ni wa aliyepanda, hilo walikwisha kulihukumu mbele ya mashahidi, tena kwa kinywa cha mwanawe. Alirudi amefunga mdomo. Usiku na mchana nyumba ilinuka tembo, na watu wa msikitini wakaanza kumwuliza, kwa upole wa watu wa msikitini, kama kule kwake ni kwake au ni kilabu.

Hata Jumamosi moja akanitafuta. Alikuwa amekonda. "Nenda kwa mwenzio," akasema, bila ya kutaja jina wala cheo. "Mwambie amwondoe mgema. Arudi akae. Chumba cha uani nitampa. Nazi za minazi yake atachuma mwenyewe."

Nilikimbia mpaka nikapiga dafrau na muuza mihogo. Dada alikuwa uani kwa mama wa mahamri, amekaa juu ya mkeka uliochakaa, anashona makuti. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Hakuacha kushona. "Niingie kwa mlango gani?"

"Mlango?"

"Nyumba ina mlango wa barazani na mlango wa uani. Mimi babangu nilimtolea kwa mlango wa barazani, amelala jenezani. Nenda kamwulize shangazi: nitaingia kwa upi?"

Nikarudi. Mama alilisikia swali lile, akashika pazia la mlango. Nilimwona anataka. Kwa Mungu aliyeniumba, nilimwona anataka, mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Kisha akasema, "Mlango wa uani una ubaya gani?"

Nikaenda tena feri, safari hii kwa kutembea.

Dada aliponiona nikitembea aliyainamia makuti yake. Nikasimama mbele yake, nikaanza kuchonga kitu cha kusema, mzaha wowote, hata ule wa jongoo, mradi mtu acheke. Nikasema badala yake, "Dada, mimi nitatimia akili. Nikitimia, shamba nakurudishia. Naapa. Mama hatakuwa na neno."

Akaukata uzi wa ukindu kwa meno.

"Dadako mdogo hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Ameanza chuo."

"Anakua."

"Anakua, ndiyo."

"Ataolewa," dada akasema. "Atazaa mwana wa kiume, naye atakuwa mpwa wako. Siku hiyo utasikia mambo."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu mwingine, nimesoma. Lakini nilimkumbuka mjomba barazani akicheka kwa nusu mdomo, naye alikuwa akimpenda mtu huyu kuliko nitakavyoweza mimi.

Akavuta ukuti mwingine, akaukunja juu ya ufito. Ufito ukamponyoka, akanitupia mwisho wake mmoja.

"Shika huko, baba," akasema. "Usiulegeze."

Nikashika.